Laini Niliyoitibu Ikiwa Nzima

Ninyi mnaokuja mezani kwangu Mtaa wa Sikukuu kuazima koleo na kurudisha visingizio, leo nawaandikia. Kuwagombeza nimechoka. Koleo nimezihesabu, nikazihesabu tena, na mbili hazipo. Sitaji majina, mnajijua.

Juzi mmoja wenu kaniuliza, "Mzee Salehe, hivi kuunganisha laini za kawaida na simu za intaneti kuna ugumu gani? Si unachomeka tu?" Nikamwambia ndiyo, unachomeka tu, nikaendelea na kahawa yangu. Alipoondoka, nikaiweka kahawa chini. Maneno hayohayo niliwahi kumwambia mfanyabiashara mmoja wa hapahapa Kariakoo, na mpaka leo nikikaribia duka lake huwa navuka barabara, napita upande wa pili. Nimestaafu, magoti yananiuma, na bado navuka.

Basi nijibu upya, na safari hii bila haraka.

Ofisi ina laini zake za mezani, zile zinazoletwa na waya kutoka nguzoni. Inataka simu mpya za kupitia intaneti, kila meza na namba yake fupi, wa ghorofani aongee na wa stoo bila vocha. Katikati ya vitu hivyo viwili panakaa kisanduku ambacho mafundi tunakiita getiwei. Kazi yake ni ukalimani. Huku kinasikia lugha ya waya wa zamani, huku kinasema lugha ya kompyuta. Sasa angalieni matundu yake. Yapo ya aina mbili, na yanafanana kama mapacha. Aina moja hupokea laini itokayo nguzoni. Nyingine hupeleka umeme kwenye simu ya kawaida. Ukichomeka laini ya nguzoni kwenye tundu la simu, mwanzoni halitokei jambo. Unapiga mluzi, unafunga boksi la vifaa. Halafu mtu anapiga, umeme wa kuita unaingia kwa mlango usio wake, na unasikia harufu.

Mimi niliisikia ofisini kwa wakili mmoja jirani na Mnazi Mmoja. Wakili akanusa, akaniuliza, "Fundi, hiyo ni kawaida?" Nikamwambia ni upya wa kifaa, plastiki inazoea joto. Akaniangalia kama anavyomwangalia shahidi wa upande wa pili. Kisanduku kingine nilinunua mwenyewe. Kwa hiyo someni maandishi ya kila tundu, hata kama mnayaamini macho yenu.

Jambo la pili: laini ya zamani haijui kuaga. Mtu akikata, kinachobaki ni ule mlio wa tu-tu-tu. Sikio la binadamu linaelewa na kurudisha mkonga. Mashine usipoifundisha mlio huo inadhani mtu bado anaongea, inashikilia laini kama mpangaji aliyemaliza mkataba. Kuna ofisi pale Kivukoni niliwaachia hivyo. Asubuhi meneja akanipigia kwa simu ya mkononi.

"Laini zangu zote zina watu. Nani anaongea?"

"Hakuna mtu, bosi."

"Hakuna Mtu ndiye anaongea kwenye laini nne?"

"Ndiyo, bosi."

"Njoo umkate."

Ofisi hiyohiyo, kabla ya mashine, ilikuwa na opereta anaitwa Mama Tatu. Alikaa mbele ya swichibodi kama mama ntilie mbele ya masufuria, anajua lipi linachemka bila kufunua. Nilipokuwa bado mgeni wa kazi alinikuta nafungua kisanduku cha ukutani kabla sijamsalimia mtu. Akaninyang'anya bisibisi.

"Kaa chini. Kunywa chai."

"Mama, nina kazi nyingine mjini."

"Ndiyo maana nakwambia kaa. Waya utakuambia kama umekatika. Hautakuambia watu wanautumia kufanya nini. Hilo utaniuliza mimi."

Nilikunywa ile chai nikiangalia saa. Nilidhani ananitania kwa sababu mimi ni kijana na yeye amechoka kukaa peke yake. Somo nililibeba kichwani, mkononi halikushuka.

Sasa huyo mfanyabiashara. Anauza vyombo vya nyumbani kwa jumla: masufuria, chupa za chai, sahani za shughuli. Mtaa mzima unamwita Mangi, kama tunavyowaita karibu wote waliotoka Kilimanjaro wakaja kutufundisha kuamka mapema. Alikuwa na duka chini, ofisi ghorofani na stoo Gerezani, na alichoka kutuma mtu akimbie kuuliza kama chupa nyekundu zimebaki. Alitaka simu za intaneti. Laini zake nne za mezani ziingie humohumo, kwa kuwa wateja wa mikoani walikuwa wamezizoea tangu enzi za marehemu baba yake.

Tulipatana bei tangu anafungua duka mpaka adhuhuri. Ilikuwa raha. Alinitukana kwa adabu, nikaondoka mara mbili, akaniita mara mbili. Mwisho akaagiza soda. Mnajua wenyewe, Kariakoo mtu akishindana nawe bei kwa jasho anakuheshimu, maana kaamua kwamba wewe ni mtu wa kufanya naye biashara tena.

Siku ya kwenda kukagua nilifika mapema. Kwenye kaunta palikuwa na simu moja ya zamani, nyekundu, ya laini ya kwanza. Mimi niko chini ya kaunta nahesabu waya, jozi nne, nazihesabu tena, jozi nne. Simu ikaita. Mlio mmoja, ikanyamaza. Duka zima likapiga kelele, "Bibi kaamka!" Mmoja akaanza kufagia, mwingine akapandisha shata ya mlango mpaka juu. Zuhura, keshia, akacheka peke yake na kufungua droo ya pesa.

Nami nilisikia. Msije mkasema mzee hakusikia. Nilidhani ni utani wao, labda wanamsema mke wa bosi. Masikio ya fundi yalichukua kitu kimoja tu: simu iliita mara moja ikakata. Nikachomeka simu yangu ya kupimia, laini safi, toni nzuri, hakuna unyevu. Nikamuuliza Zuhura, "Hii simu huwa inaita mara moja na kukata?"

"Kila siku asubuhi, fundi."

Kila siku asubuhi! Nikatikisa kichwa kama daktari. Nikaenda kwa Mangi, aliyekuwa anagombana na mtu wa kontena kwenye simu nyingine, nikamwambia laini yako ya kwanza ina hitilafu, inaita mara moja inakata, lakini usijali, nitaitibu. Akanipungia mkono, maana yake toka. Nikachukua kuwa ndiyo.

Nikaitibu kweli. Niliweka mashine ipokee kabla hata mlio wa kwanza haujatoka. Hilo nililisifia sana: mteja wako, Mangi, hatasubiri, akipiga tu kapokelewa. Sauti ya mapokezi tukamrekodi Zuhura, ana sauti ya kutangaza harusi. "Asante kwa kupiga simu. Kwa mauzo, bonyeza moja. Kwa stoo, bonyeza mbili. Kwa uhasibu, bonyeza tatu." Simu nyekundu nikaichomoa, nikaifunga kwenye boksi la masufuria. Asubuhi iliyofuata nilikuwepo dukani kuangalia kama kila kitu kinakwenda. Hakuna kilichoita mara moja. Nikamwambia Zuhura, "Umeona? Imepona."

Zuhura akasema, "Bibi leo kachelewa," akaangalia pale ilipokuwa simu, pakiwa peupe. Nikabeba boksi langu nikaondoka.

Siku ya tatu yake nilirudi mchana kuangalia mwangwi ambao mtu wa stoo alikuwa analalamikia. Nikakuta shata imeteremshwa nusu. Hapa kwetu mnajua shata ya nusu mchana maana yake nini: msiba. Nikainama, nikaingia. Wauzaji wamekaa juu ya maboksi. Mangi kashika kichwa. Mke wake, Mama Neema, anapiga simu huku na huku, kanga begani.

Nikamuuliza Zuhura kwa sauti ya chini, "Kuna nini?"

"Bibi. Mama yake bosi, Bibi Ndeshi, kule Marangu. Siku ya tatu hii hajabipu."

"Hajabipu?"

"Kila asubuhi anabipu hapa dukani, kwenye simu nyekundu. Mlio mmoja, anakata, salio lake haliliwi. Maana yake nimeamka salama. Ikiita mara mbili, maana yake nipigieni. Halafu anazima simu yake kulinda chaji. Jana na juzi tulijua chaji imeisha. Leo binamu yake bosi kapita nyumbani, kakuta mlango una kufuli, kuku wako nje, majirani hawajamwona. Simu yake haipatikani. Wameanza kuzunguka hospitali."

Wanangu, nimewahi kupigwa na umeme wa kuita nikiwa juu ya ngazi, mvua inanyesha. Haukunishika vile.

Nilitoa simu yangu, nikageukia ukutani kama mtu anayesoma ujumbe, nikapiga laini ya kwanza ya duka. Duka halikutoa mlio wowote. Sikioni kwangu ikaja sauti ya Zuhura, tamu, haina haraka: asante kwa kupiga simu. Nikakata. Salio likaliwa.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Neno lenyewe fupi: Mangi, mama yako huenda alibipu, mashine yangu ikammeza. Lingempunguzia nusu ya mzigo palepale. Lakini mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili. Nikahesabu kwamba mlango wenye kufuli haukufungwa na mashine. Nikahesabu tena kwamba nikisema nitaulizwa, na nikiulizwa nitakumbushwa lile neno langu, "nitaitibu". Bado niko kwenye hesabu hiyo, nimetazama ukuta, nikasikia mtu nje anapatana na dereva wa bajaji.

"Pesa hiyo yote kwa mwendo huu? Umenibeba mgongoni?"

"Bibi, foleni!"

"Foleni umeipanga wewe? Shusha ndizi zangu."

Shata ikainuliwa. Akaingia mwanamke mzee, mfupi, sweta la baridi la Kilimanjaro katika joto la Bongo, kitambaa kichwani, kaangalia watu wote kama mtu anayekagua shamba. Nyuma yake dereva wa bajaji na mikungu miwili ya ndizi.

Mangi alisimama, akakaa, akasimama tena. "Mama?"

"Kumbe upo."

"Mama, tumekutafuta hospitali!"

"Hospitali nifanye nini? Nimekuja kuona nani kachukua duka la marehemu." Akageuka huku na huku. "Yuko wapi huyo mwanamke?"

"Mwanamke gani?" Mama Neema akauliza, na safari hii alikuwa anamwangalia mume wake.

"Anayepokea simu! Nabipu, hata haijaita, kapokea. Nikasema haya, pengine ni mfanyakazi mpya. Nikamwambia hujambo mwanangu. Ananiambia bonyeza moja. Nikamuuliza Mangi yuko wapi. Ananiambia bonyeza mbili. Vocha yangu yote kaila akinibonyezesha! Kesho yake nikaomba vocha kwa jirani, nikabipu, yuleyule. Hana salamu, hana pole. Nikajua basi, duka limeuzwa, mwanangu kaona aibu kuniambia. Ningemuaga nani? Niwatangazie majirani? Nikafunga mlango, nikapanda basi la alfajiri."

Zuhura akasogea, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Bibi."

Bibi akaruka nyuma. "Ndiye huyu! Sauti ndiyo hii!"

"Bibi, mimi sijakupokelea. Ni mashine."

"Mashine ina sauti yako?"

Watu walitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na duka lote, bila kuambizana, likageuka kuniangalia mimi. Hakuna aliyeninyooshea kidole. Mangi akauliza polepole, "Fundi. Ile hitilafu uliyosema utaitibu..."

"Ndiyo hiyo," nikasema.

"Ulisikia watu wanasema Bibi kaamka."

"Nilisikia."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

Alipanda ofisini, akarudi na bahasha ya malipo yaliyobaki, akaniwekea kwenye kaunta. Yote. Hakudai punguzo kwa usumbufu, hakuuliza kuhusu mwangwi wa stoo, hakunitukana. Nilimtazama usoni nikitafuta angalau ugomvi. Alikuwa anaangalia nyuma yangu, kama mtu anayesubiri mteja atoke ili afunge. Mtu tuliyeshindana naye nusu siku kwa ajili ya bei, leo ananilipa kama anavyolipia maji. Kwetu huku hakuna tusi kubwa zaidi ya hilo.

Nikamwomba nifanye kitu kimoja kabla sijaondoka. Nikatoa simu nyekundu kwenye boksi la masufuria. Nikaing'oa laini ya kwanza kwenye mashine, nikaipeleka moja kwa moja kwenye kaunta. Waya mbili, skrubu mbili. Laini tatu nyingine zikabaki kwenye kisanduku na sauti ya Zuhura. Kazi ya muda wa kumaliza soda. Nikasema, "Bibi, sasa ukibipu itaita."

"Tutaona."

Hakuniamini, na alikuwa na haki. Akaomba vocha, akatoka nje, akasimama kati ya wauza soksi, simu kaishika mbali na uso kama sahani ya moto. Ndani tukasubiri. Simu nyekundu ikaita mara moja. Ikanyamaza.

Wote wananiangalia tena.

"Sema wewe, fundi," Zuhura akasema.

"Bibi kaamka," nikasema.

"Hatukusikia!" Bibi kutoka nje.

"Bibi kaamka!" Nilipiga kelele, alasiri, jua kali, mtu mzima na mvi zangu. Wauza soksi wakaangua kicheko, wakalidaka neno hilo. Mpaka leo, nikipita upande ule, kuna mmoja lazima aseme. Ndiyo maana navuka.

Bibi akarudi ndani, akaiona bahasha. "Hii ni ya nini? Mmemlipa huyu? Bila kumpunguza?" Akamgeukia mwanawe. "Mtu kaniweka barabarani tangu alfajiri, unamlipa bei kamili, umeumwa?" Kisha akanigeukia. "Na hii ya leo, ya kuirudisha simu, bei gani?"

"Bure, Bibi."

"Bure ni ya msibani. Nani kafa? Taja bei."

Nikafungua mdomo. Mimi Salehe, ambaye nimetaja bei mvuani, kitandani hospitali, hata kwenye harusi ya binti yangu. Bei haikuja. Nikasimama na bisibisi mkononi kama mtoto aliyesahau shairi.

Bibi akanisubiri. Halafu akasema, si kwa ukali, "Basi nitataja mimi." Akaangalia mikungu yake miwili, akausukuma mdogo kwa mguu, akafikiri, akaurudisha, akausukuma ule mkubwa. "Chukua. Na kesho ukiingia duka la watu, kwanza salimia, kisha uliza kinacholia kinalia kwa ajili ya nani."

Bahasha niliiacha pale kwenye kaunta. Sikuihesabu.

Vijana, matundu ya kisanduku mtayazoea. Mlio wa kukata mtaifundisha mashine kwa dakika chache, mwangwi utaisha mkipunguza sauti. Lakini mkikuta laini inaita mara moja, au mara tatu, au inaita saa ambayo hakuna anayeipokea na watu wanatabasamu, wekeni bisibisi chini. Ombeni chai. Na mkigundua mmekosea, semeni kabla shata haijainuliwa na mtu mwingine.

Siku ile nilikuwa naishi Kigamboni. Mkungu ule wa mshale, ndizi za kupika za kwao Bibi, ulikuwa mzito, nikaubeba begani kutoka Kariakoo, nikakata Mnazi Mmoja nikielekea Magogoni kwenye kivuko. Kila hatua mtu.

"Mzee, mkungu bei gani?"

"Hauuzwi."

Karibu na mnada wa samaki kijana mmoja akanifuata, hakubali. "Acha hizo, mzee. Taja tu. Kila kitu kina bei!"

Maneno hayo ni yangu. Nimeyasema maisha yangu yote kwenye meza ile mnayoiba koleo. Nikasimama, nikamtazama.

Nikauhamishia mkungu bega la pili, nikaendelea kutembea.